Mama akiwa mkuu wa chuo cha ufundi

Wapo Dar es Salaam wanaoamini kwamba mwanamke akiongoza chuo cha ufundi atakuwa mpole mno, na karakana zitamshinda. Uchambuzi wa mwaka 2003 uliojumlisha tafiti 45 ulikuta tofauti za mitindo ya uongozi kati ya wanawake na wanaume ni ndogo; wanawake walizidi kidogo katika kuwakuza walio chini yao na kutuza kazi nzuri. Kumkuza mtu si ulegevu, na hapo ndipo wengi tunapochanganya.

Ukitaka kuhakiki, tembelea vyuo, iwe Chang'ombe au Kipawa. Mashine za kuchomelea zinafanya kazi? Vifaa vya mazoezi vinafika kwa wakati? Wanafunzi wanapata nafasi za mafunzo viwandani? Chuo kimoja hakitoshi. Linganisha kadhaa, vya wakuu wanawake na wanaume.