Mjerumani hakuacha mali Kolo, wekeni sururu chini

Juzi nilipanda bodaboda kutoka Kolo, Kondoa, kwenda Mongomi, kwenye mwamba wenye michoro ya kale. Hata kilomita mbili hatujamaliza, kijana akageuza shingo: "Mtaalamu, sema kweli, ile mali ya Mjerumani mmeshaitoa au bado?" Tangu nianze kazi ya malikale Kondoa sijamaliza mwezi bila swali hilo. Watu wanaamini Wajerumani walipokimbia vitani waliificha dhahabu kwenye miamba hii, na wanaichimba. Naandika jibu hapa. Atakayeniuliza tena nitamtumia linki.

Zile sarafu za Kijerumani za dhahabu za rupia 15 zinazowatoa watu udenda zilianza kufuliwa Tabora Aprili 1916. Mwezi huohuo majeshi ya Jenerali Van Deventer, aliyepigana upande wa Waingereza, yaliingia Kondoa, Mjerumani akaondoka. Sasa nani aliibeba dhahabu kutoka Tabora kuja kuificha kwenye mji anaoukimbia? Tuendelee.

Dhahabu hainiudhi sana. Kinachoniudhi ni utetezi wa wachimbaji: "Michoro hatujaigusa, tumechimba chini tu." Chini tu! Mtu anaamini malikale ni twiga mwekundu aliye ukutani, na udongo anaoukanyaga ni uchafu wa popo. Ule udongo umejaa majivu ya moto juu ya majivu ya moto mwingine, mifupa ya nyama iliyoliwa, vipande vya mawe yaliyochongwa. Ukiwa haujavurugwa, cha chini ni cha zamani kuliko cha juu. Mkaa tunaupima umri, na kilicholala kando yake kinaazima umri huohuo. Kikishang'olewa tabakani, basi. Pale Kisese, mwamba mwingine wa hukuhuku Kondoa, mwanaakiolojia Ray Inskeep alichimba mwaka 1956 kwa utaratibu, na vitu alivyovitoa vikahifadhiwa. Miongo kadhaa baadaye wenzetu wakazipima shanga za maganda ya mayai ya mbuni zilizotoka mle; nyingine zina zaidi ya miaka 40,000. Sururu ingeyamaliza hayo kabla ya chai ya saa nne.

Tena hiyo michoro mnayojisifu kuiacha, umri wake wenyewe tunaubishania. Rangi nyekundu ni udongo wenye chuma, hauna kaboni ya kupima. Tumaini letu kubwa liko chini, hapohapo mnaposema "chini tu".

Viongozi hunikatiza hapa: watalii watakuja lini, kijiji kiendelee? UNESCO walishaiorodhesha miamba hii kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2006, na lami ya Dodoma hadi Babati ipo. Magari yanapita Kolo yakikimbilia Arusha. Anayesimama anamlipa kijana wa kumwongoza, ananunua maji, anaondoka. Sitawadanganya kwamba hiyo inajenga zahanati. Ila huyo kijana anayelipwa ndiye hunipigia simu akisikia sururu usiku, na ndiye humbishia hadharani mwenye panga anayekata miti ya mlimani. Kwangu hayo ni maendeleo, ingawa kwenye fomu za miradi sijaona pa kuyaandika.

Kuna jambo ambalo mimi mwenyewe linanishinda. Mongomi wa Kolo watu bado wanatambika, kuomba mvua na uponyaji, na pombe ya mtama hurushwa mwambani, juu ya michoro. Nilivyofundishwa chuoni, hiyo ni marufuku. Nikipiga marufuku, wazee watasema basi mlima ni wa serikali, ilindeni wenyewe. Nikinyamaza, rangi inaliwa. Na UNESCO hao hao waliitaja mila hiyo miongoni mwa sababu za kuiorodhesha! Nimeingia mikutanoni nikiwa upande mmoja nikatoka upande wa pili, zaidi ya mara moja. Mzee mmoja aliniuliza, kwa upole kabisa: "Mwanangu, mvua ikigoma, hao wageni wako utawaonyesha vumbi?" Nikaomba kikombe kingine cha chai.

Tulipofika juu na yule wa bodaboda, tulikuta shimo jipya, linamfika mtu mapajani, kifusi kimemwagwa hadi ukutani. Nikampa chekeche tusaidiane. Baada ya muda akanyoosha kiganja: ushanga mweupe, mdogo kuliko punje ya hindi, tundu katikati.

"Huu ni wa lini, mtaalamu?"

"Ulikuwa juu au chini?"

Akalitazama lundo, akanitazama mimi. Nikautia kwenye kimfuko, nikaandika tarehe ya siku hiyo, na mahali pa tabaka nikapiga mstari.