Robo ya kura katika kaunti 24 si kushinda kaunti 24

Uchaguzi wa urais ukikaribia Kenya, wachambuzi huanza hesabu zao redioni: fulani ana kaunti 18 mfukoni, bado 6 aingie Ikulu. Hesabu hiyo haimo katika Katiba.

Kifungu cha 138 kinadai mambo mawili kwa pamoja. Mgombea apate zaidi ya nusu ya kura zote nchini, na apate angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47. Basi.

Robo huipata hata aliyeshindwa mahali hapo. Mwaka 2022 William Ruto alitangazwa kufikisha robo katika kaunti 39, Raila Odinga katika 34. Jumlisha: 73. Kaunti ni 47! Kwa hiyo zisizopungua 26 ziliwahesabia wote wawili. Nairobi aliongoza Raila, na Ruto akavuka robo bila jasho. Kilichoamua ni lile sharti la kwanza: Ruto alipata asilimia 50.49 ya kura zote.

Wapo wanaodhani kaunti ina kura zake kama jimbo la Marekani, ambako kwa kawaida mshindi wa jimbo huzichukua zote. Haina. Kwenye nusu, kura ya Lamu na ya Kiambu ni sawa. Kwenye robo ndipo Lamu yenyewe, kwa udogo wake, huhesabiwa kaunti moja sawa na Nairobi.

Zamani sharti hili lilikuwa na meno zaidi. Mwaka 1992 lilidai robo katika mikoa 5 kati ya 8, na sharti la nusu halikuwepo, hivyo Moi akabaki madarakani kwa takriban asilimia 36 tu. Nigeria walikuwa wameshatangulia. Mwaka 1979 walitaka robo katika theluthi mbili za majimbo 19, hesabu isiyogawanyika vizuri: 12 na theluthi mbili. Mgombea aliyeongoza, Shehu Shagari, alifikisha robo katika 12. Mpinzani wake Obafemi Awolowo akaenda mahakamani kuhoji hicho kipande kilichobaki, ikabidi majaji wakuu waamue jimbo hukatwaje vipande. Shagari akashinda kesi.

Basi tuseme “amefikisha robo” katika kaunti kadhaa, tuache “amezishinda”. Na kukiwa na duru ya pili, hata robo hiyo haiulizwi tena: mwenye kura nyingi ndiye rais.