Kuchagua Mashine ya Kusafisha Hewa ya Nyumbani: Maswali na Majibu

Swali: Mtoto wetu ana pumu, na nyumba iko kando ya barabara yenye vumbi na moshi wa magari. Je, mashine ya kusafisha hewa itamsaidia?

Jibu: Inaweza kumpunguzia vichochezi vya pumu, mradi isichukue nafasi ya dawa alizoandikiwa na daktari. Chembe za kuhofia zaidi ni zile zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, kwa kuwa hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wastani wake kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Chagueni kichujio halisi cha HEPA, ambacho kwa viwango vya Marekani hunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3. Boksi lililoandikwa tu kwamba kichujio ni "mfano wa HEPA" halithibitishi kiwango hicho.

Swali: Tutajuaje kama inatosha chumba chake?

Jibu: Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu kichujio bora ndani ya mashine dhaifu husafisha hewa kidogo mno. Zidisheni urefu, upana na kimo cha chumba kwa mita, kisha mzidishe jibu kwa 5, ili hewa safi inayotolewa kwa saa moja ilingane na ujazo wa chumba mara tano. Chumba cha mita 4 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.5 kina mita za ujazo 30, hivyo kinahitaji mashine ya mita za ujazo 150 kwa saa, uwezo unaoandikwa kwa herufi CADR. Kwa kawaida uwezo huo hupatikana kwa kasi ya juu, yenye kelele ambayo wengi huipunguza usiku. Ndiyo maana ninashauri mashine kubwa kidogo kuliko hesabu inavyodai. Ulizeni pia bei ya kichujio cha kubadilishia kabla ya kulipa.

Swali: Na zile zinazotoa ozoni?

Jibu: Msinunue. Ozoni huwasha njia ya hewa na inaweza kuamsha pumu.

Swali: Wakati wa mvua tunapikia jiko la mkaa ndani. Mashine itatulinda?

Jibu: Hapana. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi inayoua, isiyo na rangi wala harufu, na kichujio cha HEPA hakiizuii. Pikieni nje penye paa, na kamwe msilale na jiko linalowaka chumbani. Mtu akiumwa kichwa, akipata kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko hilo, mtoeni nje mara moja na mumpeleke hospitali.