Petali ya Tano ya Mkrismasi

Kila ifikapo Desemba huwauliza wateja wangu swali ambalo wengi hudhani ni la kupitishia muda: petali za ua la mkrismasi ni ngapi, nazo zina rangi gani? Dar es Salaam imejaa miti hiyo, na inapochanua hakuna anayeweza kusema hakuiona, kwa kuwa kuna mitaa ambayo hugeuka myekundu juu na chini. Hata hivyo karibu kila ninayemuuliza hujibu kwamba petali zote ni nyekundu. Zilizo nyekundu tupu ni nne. Ya tano husimama wima nyuma ya wenzake, na katikati yake ni nyeupe iliyotapakaa madoa na michirizi myekundu, kama kitambaa kilichorushiwa rangi kwa ncha ya brashi. Alama hizo humwelekeza mdudu au ndege mahali utamu wa ua ulipo. Nina mteja ambaye amesubiri daladala chini ya mkrismasi uleule kwa miaka kumi na moja, na siku alipookota ua moja akaligeuzageuza alinipigia simu, karibu kwa hasira, kuniuliza kwa nini hakuna aliyewahi kumwambia.

Mimi ni mwanasaikolojia tiba, wala sina ujuzi wa mimea zaidi ya ule wa mtu anayependa bustani. Swali hilo huliuliza kwa sababu hunipa njia rahisi ya kueleza jambo ambalo watu wenye msongo wa mawazo hulielewa vibaya: wao hudhani kwamba akili iliyochoka inahitaji kuacha kuangalia. Kwa uzoefu wangu, mara nyingi inachohitaji ni kuangalia kwa namna nyingine.

Tangu mwaka 1890 mwanasaikolojia wa Marekani, William James, alikwisha kutenganisha umakini wa aina mbili. Upo ule ambao mtu hujilazimisha, kama mhasibu anapofunga hesabu za mwezi huku wenzake wakipiga soga, au dereva anapopenya foleni akikwepa bodaboda kushoto na kulia; na upo ule unaovutwa na kitu chenyewe bila mtu kujikaza. Karibu karne moja baadaye Rachel Kaplan na mumewe Stephen, wa Chuo Kikuu cha Michigan, waliichukua tofauti hiyo wakaiendeleza kwa kusema kwamba umakini wa kujilazimisha huchoka. Huchoka kwa sababu kazi yake kubwa imo katika kuzuia: kila dakika unayosoma ripoti, akili yako inasukuma nje mlio wa simu, honi, njaa, deni la ada na maneno aliyokuambia shemeji yako jana. Nguvu ya kusukuma inapopungua, mtu husoma mstari mmoja mara nne bila kuuelewa, huanza kusahau alichofuata chumbani, na jioni humkaripia mtoto kwa kosa la kumwaga maji.

Ninayajua haya kwa aibu yangu mwenyewe. Siku moja niliwapokea wateja tisa mfululizo bila kunyanyuka, na yule wa tisa nilimpa pole ya msiba ambao haukuwa wake, bali wa mtu aliyetoka chumbani humo saa mbili kabla. Alinitazama kwa upole akasema, "Daktari, nadhani umechoka." Mimi si daktari, lakini kuhusu uchovu alikuwa amesema kweli tupu.

Kinachoupumzisha umakini huo, kwa mujibu wa akina Kaplan, ni kuvutwa taratibu na kitu kisichotudai jibu lolote: mawingu ya kaskazi yanayosafiri, majani yanayocheza na mwanga, mnana wa manjano anayesuka kiota chake. Jicho linashughulika, na wakati huohuo ile nguvu ya kuzuia imewekwa chini. Hapa watu huniuliza kuhusu simu, maana nayo huvuta bila kulazimisha. Ni kweli, lakini huvuta kwa nguvu mno. Video fupi moja humaliza nafasi yote ya kichwani, kisha huja nyingine, na mtu huinuka baada ya nusu saa akiwa na uchovu uleule aliokaa nao. Kiota cha mnana hakina haraka hiyo. Dume hujishika kwenye tawi, akasuka kwanza pete ya majani, kisha akasimama ndani ya pete hiyo na kuendelea kusuka hadi pale mdomo wake unapofika; wewe unayemtazama unaweza kuwaza mambo yako huku na huku, ukarudi, ukamkuta bado anavuta ukambaa wa jani la mnazi.

Ushahidi upo, na nitautaja kwa kifupi. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za wagonjwa 46 waliokuwa wametolewa kifuko cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Nusu yao madirisha yao yalitazama miti, na nusu nyingine yalitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walikaa wodini muda mfupi zaidi na walihitaji dozi chache za dawa kali za maumivu. Mwaka 2008 Marc Berman na wenzake waliwatembeza watu kwa muda wa karibu saa moja, mara kati ya miti na mara katikati ya mji, kisha wakawataka wazitaje tarakimu kinyumenyume. Baada ya matembezi ya kwenye miti walifanya vizuri zaidi. Ninachokipenda katika utafiti huo ni kwamba majira hayakubadilisha matokeo: waliotembea katika baridi ya Januari, ambayo sidhani kama iliwafurahisha, walifaidika pia.

Naomba nisieleweke vibaya. Aliyecheleweshewa mshahara miezi mitatu hatalipa pango kwa kutazama maua, na mwenye sonona anastahili matibabu, si ushauri wa kwenda bustanini. Ninazungumzia uchovu wa kawaida wa watu wanaofanya kazi nyingi, na hapo sharti langu ni moja tu: kitu kiwe kidogo, na ukitazame hadi ugundue jambo ambalo hukulijua. Anayesema "mandhari nzuri" na kupiga picha akaondoka hajafika.

Mwanamke mmoja mwenye duka la vitenge Kariakoo alinicheka nilipomweleza haya. Ghorofani kwake, alisema, mandhari ni nyaya za umeme na kunguru. Tukakubaliana apande mrehani kwenye ndoo ya rangi iliyokwisha, aiweke kibarazani, na kila asubuhi kabla ya kufungua duka asimame mbele yake kwa dakika tano bila simu. Wiki mbili za kwanza hakuwa na la kusimulia. Mrehani ulipotoa maua, nyuki walipata habari kwa namna wanayoijua wao, na kikao kilichofuata alikuja na swali: mbona nyuki wanaotoka kwenye ua hilo wanachafuka unga tumboni, wakati kwenye maua mengine aliyoanza kuyachungulia njiani huchafuka mgongoni?

Ilinibidi nikatazame mwenyewe, nikiwa na kioo cha kukuzia nilichoazima. Ua la mrehani ni dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, nalo limegawanyika kama midomo miwili, wa juu na wa chini. Katika mimea mingi ya jamaa yake vijiti vyenye chavua hujificha chini ya mdomo wa juu, hivyo humpaka mdudu mgongoni anapoingia. Katika mrehani vimelala juu ya mdomo wa chini, palepale nyuki anapotua kwa tumbo.

Nilimpelekea jibu Jumanne. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwamba hilo alikwisha kuliona mwenyewe Jumamosi, na kwamba sasa anataka kujua kwa nini saa sita mchana hawaji.