Mnara wa simu ukihamishiwa mbali, mionzi haipungui kwako

Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu ya WhatsApp: mnara wa simu ukijengwa mtaani, wakazi watapigwa na mionzi mikali, basi uhamishiwe mbali. Hofu hiyo inaeleweka, ila hesabu yake imepinduka.

Antena za mnara hurusha mawimbi kwenda mbele, zikiinama kidogo tu, na nguvu yake hupungua haraka: umbali ukiongezeka mara mbili, inabaki robo. Kinachokugusa zaidi ni simu iliyo sikioni. Nayo hurekebisha nguvu yake ya kurusha mawimbi: mnara ukiwa karibu hunong'ona, ukiwa mbali hupaza sauti. Simu ya 2G kwenye masafa ya megahezi 900 inaweza kupanda hadi wati 2. Mijini minara husogezwa karibu karibu hasa kwa sababu ya wingi wa watumiaji, lakini humo humo huja na nafuu hii ya simu kunong'ona.

Unaweza kujionea. Kwenye simu nyingi za Android, sehemu ya hali ya laini huonyesha nguvu ya mtandao kwa dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi yanayoifikia simu: -70 ni nzuri, -110 ni hafifu. Pale penye hafifu, betri huisha upesi kwa kuwa simu hupaza sauti.

Tunachanganyikiwa kwa sababu mnara unaonekana, simu imo mfukoni. Wengine hulinganisha mawimbi ya simu na minara, ambayo ni ya redio, na eksirei, ambayo ina nishati ya kuvunja molekuli. Ya redio hayana.

Ukitumiwa ujumbe huo, usiusambaze. Mwenye shaka na mnara fulani aombe vipimo vya mawimbi vifanyike pale pale nyumbani kwake.