Maji ya Ziwa Nyasa hayafiki Mtwara

Kazi yangu ni haidrolojia, yaani elimu ya maji, na kila ninapoalikwa kuzungumza na wanafunzi wa sekondari hapa Mtwara, sikosi kuona daftari ambamo Ruvuma umechorwa ukitoka Ziwa Nyasa na kunyooka kwa wino wa buluu hadi baharini. Simlaumu mchoraji. Ziwa liko magharibi, bahari iko mashariki, na mto umelala katikati. Jicho huviunganisha lenyewe. Hata David Livingstone, aliyeupanda Ruvuma kwa chombo mwaka 1861 na tena 1862, alitumaini kwamba ungekuwa njia ya kufika ziwani, lakini maji mafupi na miamba vilimrudisha. Alipotua Mikindani mwaka 1866, safari ya kwenda ziwani aliifanya kwa miguu.

Ruvuma huanzia milima ya Matogoro, karibu na Songea, upande wa mashariki wa mgawanyo wa maji, yaani mwinuko unaotenga maji yaendayo ziwani na yale yaendayo baharini. Ruhuhu, unaotoka nyanda za juu za Njombe, huelekea magharibi na kumwagika ziwani. Mito hiyo miwili imepeana mgongo.

Nikitaka kueleza ziwa lenyewe, hubeba karai la zege lililochakaa, ambalo ukingo wake umebonyea mahali pamoja. Ukilijaza maji, hayamwagiki pande zote, bali hutokea palepale palipobonyea, hata kama upande wa pili ndio ulio karibu na mwenye kiu. Ziwa Nyasa ni karai la namna hiyo, lenye urefu wa kilomita 560 hivi, lililofanyika pale ardhi ya Bonde la Ufa ilipopasuka na kudidimia huku kingo zikibaki juu. Kaskazini mashariki Milima ya Livingstone imesimama zaidi ya mita 1,000 juu ya maji, na magharibi upo uwanda wa Nyika. Mteremko hauishii ufukweni: kina cha ziwa hufikia mita 700 hivi, ilhali uso wake uko takriban mita 470 tu juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sehemu ya sakafu yake iko chini kuliko uso wa bahari tunayovulia hapa Mtwara.

Ukingo umebonyea kusini, nchini Malawi. Hapo ndipo mto Shire unapotoka, ukapita Mangochi na Ziwa Malombe, ukaporomoka kwenye miamba kabla ya Chikwawa, na hatimaye ukaingia Zambezi nchini Msumbiji.

Kisha mimi hutia gao la mchanga kwenye ule mbonyeo wa karai, na maji husita. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwaka 1915 hivi hadi 1935: ziwa lilishuka, mchanga na matete vikaziba mlango wake, na Shire ukakosa maji ya ziwa. Jambo hili huwashangaza watu kuliko kina chote cha ziwa, lakini sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa mvuke, wala si kwa mto. Misimu michache ya mvua haba inatosha kuuacha mlango mkavu.

Ruvuma nao una ziwa lake, ingawa si hilo. Mto Lugenda hutoka Ziwa Amaramba, Msumbiji, lililoshikamana na Ziwa Chiuta, na huingia Ruvuma karibu na Negomano, jirani na Daraja la Umoja la Mtambaswala lililofunguliwa mwaka 2010. Kusini mwa Chiuta kuna tuta la mchanga, na nyuma yake Ziwa Chilwa, ambalo leo halina pa kutokea. Zamani maji yake yalipita njia hiyo hiyo ya Lugenda.

Mara ya mwisho, msichana mmoja aliufuta mstari wake wa buluu, akauanzisha upya Matogoro, kisha akaniuliza Amaramba aiweke wapi. Nilimwonyesha kidole sentimita mbili nje ya ramani yake, juu ya dawati.