Frisbi Katika Somo la Michezo: Yanayoaminiwa na Yaliyo Kweli

Mtaala wa umilisi wa Kenya, uliofika Gredi ya 4 mwaka 2020, uliiweka frisbi, yaani kisahani cha kurushiana, miongoni mwa michezo ya somo la Elimu ya Mwili na Afya, na kwa hatua hiyo walimu wengi walitakiwa kufundisha mchezo ambao wao wenyewe hawakuucheza utotoni. Mwalimu aliye katika hali hiyo hulazimika kukisia kutokana na michezo anayoijua, yaani kandanda, voliboli na riadha. Makisio hayo mara nyingi huwa na mantiki, lakini kisahani kinachopaa hakifuati kanuni za mpira, na hapo ndipo dhana potofu zinapoanzia.

"Mwenye misuli ndiye atakayerusha mbali"

Dhana hii huharibu vipindi vingi kuliko nyingine zote. Mpira au jiwe likirushwa kwa nguvu huenda mbali, basi mwanafunzi huvuta mkono wote kutoka begani, anaachia kwa kishindo, na frisbi inayumbayumba kwa hatua chache kabla ya kujipiga chini kwa ukingo. Mwalimu anamwambia aongeze nguvu. Anaongeza, na matokeo yanazidi kuwa mabaya.

Kilichokosekana si nguvu bali mzunguko. Frisbi inapokwenda mbele, umbo lake lililobinuka kwa juu huielekeza hewa chini, na hewa hiyo nayo huisukuma frisbi juu. Lakini msukumo huo hauangukii katikati kabisa ya kisahani, na ikiwa hakizunguki, upande mmoja hunyanyuka na chote kikapinduka. Kikizunguka kwa kasi hutulia katika mlalo wake, kama pia ya kuchezea inavyosimama kwenye ncha yake mpaka kasi inapoisha ikaanza kuyumba. Ndiyo maana mtoto mdogo aliyeujua mzunguko humshinda kwa mbali kaka yake mwenye mabega mapana.

Mzunguko huo hutoka kwenye kifundo cha mkono. Mrusho unaofaa kuanzia ni ule ambao mgongo wa mkono ndio unaotangulia: mwanafunzi husimama ubavu, bega la mkono anaorushia likimwelekea mwenzake, hushika kisahani kidole gumba kikiwa juu na vidole vingine vikiwa chini ya ukingo, hukunja kifundo kuelekea mwilini, huhamisha uzito kutoka mguu wa nyuma hadi wa mbele, kisha hukifungua kifundo ghafla na kukisimamisha. Wanafunzi wawiliwawili wanaweza kusimama umbali wa mita 3 hadi 5 na kurushiana kwa kifundo peke yake, bega likiwa limetulia. Bandika utepe wa rangi juu ya kisahani, kutoka katikati hadi ukingoni. Utepe ukionekana wazi kisahani kikiwa hewani, mzunguko ni hafifu. Ukipotea na kuwa ukungu wa rangi, mzunguko unatosha. Watoto huuelewa mtihani huu bila mhadhara wowote, na wataanza kusahihishana wenyewe.

Kosa la pili kwa wingi ni la ulalo. Kisahani huelekea upande ambao ukingo wake umeshuka: kikiachiwa upande wa kushoto ukiwa chini, kitapinda kushoto. Kwa anayetumia mkono wa kulia katika mrusho huo wa mgongo wa mkono, kisahani huzunguka kisaa kikitazamwa kutoka juu, na kwa kawaida huegemea kushoto kinapopoteza kasi mwishoni. Kwa mwenye shoto mambo yote hugeuka, kwa hiyo hana haja ya kulazimishwa kutumia mkono wa kulia. Asimamishwe tu akimtazama mwalimu kana kwamba anatazama kioo.

"Upepo wa nyuma husaidia"

Katika mirusho mifupi ya wanafunzi mambo huwa kinyume. Upepo unaovuma kutoka nyuma hupunguza kasi ya hewa inayopita juu ya kisahani, kwa hiyo msukumo wa juu hupungua nacho huanguka mapema. Upepo wa mbele hukinyanyua, na kama ukingo wake wa mbele umeinuka kidogo, hukitupa juu na kukirudisha. Shule za pwani, ambako upepo wa baharini huongezeka mchana, zitafanikiwa zaidi zikikiweka kipindi hiki asubuhi. Pasipowezekana, jozi zipangwe zirushe kukingama upepo, si kuufuata wala kuukabili.

"Ni kichezeo cha ufukweni, si mchezo wa shule"

Kichezeo ilikuwa kweli, na sioni aibu katika hilo. Vijana wa Marekani walianza kwa kurushiana sahani za bati za kampuni ya mikate ya Frisbie huko Bridgeport, Connecticut. Walter Frederick Morrison akatengeneza kisahani cha plastiki alichokiita Pluto Platter, ambacho kampuni ya Wham-O ilianza kukiuza mwaka 1957 na baadaye mwaka huohuo ikakipa jina la Frisbee. Kisha Ed Headrick akaweka matuta membamba ya mviringo juu yake ili kitulie zaidi hewani, na hataza yake, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ikatolewa mwaka 1967.

Hata hivyo mchezo wa timu wenye kanuni, unaoitwa altimeti, ambamo timu hupasiana kisahani hadi kukidaka mwisho wa uwanja upande wa wapinzani, ulizaliwa shuleni, nao waliouzaa walikuwa wanafunzi. Mwaka 1968 Joel Silver na wenzake wa Columbia High School, mjini Maplewood, New Jersey, walianza kuucheza, na jioni waliuhamishia kwenye maegesho ya magari ya shule kwa sababu palikuwa na taa. Novemba 1970 walicheza mechi ya kwanza dhidi ya shule nyingine, Millburn High School, wakashinda 43 kwa 10. Shirikisho la kimataifa la michezo ya frisbi, WFDF, liliundwa mwaka 1985 na kutambuliwa kikamilifu na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 2015. Kwa hiyo mwalimu mkuu anayeuliza kama huu ni mchezo "wa kweli" amejibiwa zamani.

"Bila frisbi rasmi hakuna somo"

Kisahani cha mashindano ya watu wazima kina uzito wa gramu 175 na kipenyo cha takriban sentimita 27. Kiganja cha mtoto wa Gredi ya 4 hukizunguka kwa shida. Vipo vyepesi zaidi vilivyotengenezwa kwa ajili ya watoto, na vipo vya sponji, lakini shule nyingi hazitanunua hata hivyo, nazo hazijakwama.

Kinachohitajika ni kisahani ambacho uzito wake mwingi uko ukingoni, kwa sababu uzito ulio mbali na kitovu ndio unaoudumisha mzunguko. Kifuniko cha ndoo ya rangi, kilichosafishwa vizuri na kugeuzwa mdomo wake uangalie chini, hupaa kwa heshima. Kadibodi bapa iliyokatwa duara haipai vizuri, na wengi hukata tamaa hapo. Lakini vipande viwili au vitatu vikigundishwa pamoja, kisha ukingo ukaongezewa kamba nene au mkanda wa kadibodi uliokunjwa kuelekea chini, tabia yake hubadilika. Sitadai kwamba kinalingana na cha plastiki: mvua moja inakimaliza, na baada ya mita 10 hivi hupoteza mwelekeo. Kwa mazoezi ya mita 5 kinatosha, na kutengenezwa na wanafunzi wenyewe ni somo la sayansi lililokuja bure. Pembe kali na kingo za bati zisiruhusiwe kabisa.

"Watajifunza kwa kucheza mechi"

Mechi ya altimeti huwa na wachezaji saba kila upande, katika uwanja wa mita 100 kwa 37. Darasa lenye wanafunzi 40 au zaidi, likiwa na kisahani kimoja, litakuwa na watoto wachache wanaorusha na wengi wanaokimbia huku na huko au kusimama pembeni. Mtoto aliyerusha mara mbili kwa kipindi kizima hajajifunza kurusha, hata kama ametoka jasho.

Hii haina maana kwamba michezo isubiri mpaka ufundi ukamilike. Watoto hawavumilii kurushiana tu. Michezo iwe midogo, ya watu wachache, na visahani viwe vingi. Mchezo wa kati, ambao Watanzania huuita rede, hugeuzwa kwa urahisi: wawili pembeni hurushiana na aliye katikati hujaribu kukinasa kisahani, badala ya kukikwepa, maana kumlenga mtu mwilini kwa plastiki ngumu hakufai. Geti la fimbo mbili au viatu viwili huwekwa katikati ya kila jozi, na kila mrusho uliopita getini na kudakwa huhesabiwa. Jozi ikifikisha idadi waliyokubaliana, wote wawili wanarudi nyuma hatua moja. Wakikosa mara tatu mfululizo, wanasogea mbele. Kwa njia hiyo kila jozi hufikia umbali unaoiwezekania bila mwalimu kutangaza nani dhaifu.

Mchezo ninaoupendekeza kwa uwanja wenye miti ni gofu ya frisbi. Mwembe, tairi kuukuu lililoegeshwa ukutani, nguzo ya goli na ndoo tupu hupewa namba, na vikundi vya watoto wanne huanza kila kimoja kwenye shabaha yake ili foleni isiwepo. Anayefika kwa mirusho michache zaidi hushinda. Hapa mtoto hugundua mwenyewe kwamba mrusho wa utulivu huokoa mirusho miwili ya nguvu.

"Bila refa watagombana"

Altimeti huchezwa bila refa hata katika mashindano ya dunia. Mchezaji aliyechezewa vibaya husema. Mwenzake akikubali, mchezo unaendelea kama kanuni isemavyo, na akikataa, kwa kawaida kisahani hurudi kwa aliyekirusha na mrusho unarudiwa. Mwenye kisahani haruhusiwi kukimbia nacho, ana sekunde 10 za kukiachia, na kugusana kwa makusudi ni kosa. Magomvi yatakuwepo wiki za mwanzo. Mwalimu asimame kando, awape muda mfupi wa kuafikiana, na aingilie pale tu wanaposhindwa, kwa sababu akianza kupuliza kipenga kwa kila kosa wataacha kusemezana. Kuhusu wavulana na wasichana kuchezeshwa tofauti, inatosha kusema kwamba katika Michezo ya Dunia (World Games) timu za altimeti zimekuwa za mchanganyiko tangu mashindano ya Akita, Japani, mwaka 2001.

"Kudaka hakuhitaji kufundishwa"

Mtoto aliyegongwa kidole mara moja hufumba macho kisahani kinapokuja. Aanze na kile laini, kwa viganja viwili, kimoja juu na kimoja chini, akikifunika mbele ya kifua. Baadaye ndipo afundishwe kukidaka kwa ukingo: kikija juu ya kifua, gumba huwa chini, kikija chini ya kiuno, gumba huwa juu.

"Alama zitolewe kwa umbali"

Umbali hupima zaidi umri na urefu wa mkono, na humrudisha mwanafunzi kwenye kuvuta bega, tabia iliyochukua wiki kadhaa kuiondoa. Mwalimu atazame kama kisahani kilitoka kikiwa mlalo, kama utepe ulipotea, na kama mwenzake hakulazimika kuhama zaidi ya hatua moja kukidaka. Mambo hayo matatu yanaonekana kwa jicho, na wanafunzi wakikaa watatuwatatu, mmoja akirusha, mwingine akidaka na wa tatu akiweka alama ya vema kwenye daftari, darasa zima hupimwa ndani ya kipindi kimoja.